Hospitali Ikihama, Kiwanja Kinabaki kwa Nani?

Waulize akina mama wa parokiani kwako waliokwisha kuwa bibi, wale waliokaa Dar es Salaam siku nyingi, watoto wao wa kwanza walizaliwa wapi. Wengi watakujibu bila kusita: Ocean Road. Kisha waulize wajukuu wao Ocean Road ni nini, nao watakwambia ni hospitali ya saratani. Wote wanasema kweli. Jengo ni lile lile, lenye kuta nene na baraza za matao zinazotazama bahari. Kilichobadilika ni kazi yake.

Mwezi huu tumeona tuweke kando kidogo malaria, kuhara na lishe ya watoto, tuzungumze juu ya jambo ambalo nalo ni la afya, ingawa wengi wetu huwaachia mafundi na mabwana ardhi. Majengo ya hospitali yakichakaa, au huduma ikihamishiwa mahali pengine, lile eneo la zamani lifanyiwe nini? Na nani aulizwe?

Tuanze na hiyo Ocean Road. Wajerumani waliimaliza mwaka 1897, na miaka hiyo hiyo daktari mashuhuri Robert Koch alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria. Ilikuwa hospitali ya Wazungu, na Waingereza walipoingia waliiacha hivyo hivyo. Waafrika na Wahindi walikuwa na yao, ile iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo. Baada ya Uhuru milango ya Ocean Road ikafunguliwa kwa kila mtu, ikawa mahali pa kujifungulia kwa maelfu ya akina mama. Mwaka 1996 Bunge likatunga sheria iliyoifanya kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea, na leo wagonjwa huletwa pale kutoka kila pembe ya nchi. Hata barabara inayopita mbele yake imebadilishwa jina, tangu mwaka 2013 inaitwa Barack Obama, ila makondakta na wagonjwa wanasema Ocean Road tu.

Hatuna neno juu ya mabadiliko hayo. Eneo lililowekwa kwa ajili ya wagonjwa limebaki kwa wagonjwa, nao ni wagonjwa wenye shida kubwa. Tunachokisema ni kwamba jengo likibadilishiwa kazi, kuna mtu mahali fulani anayebadilishiwa safari. Mama mjamzito wa Temeke au wa Manzese haingii Bungeni. Yeye hupata habari siku anapoambiwa kwamba hapa hatuzalishi tena, nenda Amana, nenda Mwananyamala.

Hospitali ya Sewa Haji nayo ilihama. Mwaka 1956 ilipofunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo, wagonjwa walihamia huko pamoja na jina: hadi sasa ukienda kumwona mgonjwa Muhimbili unaweza kuelekezwa jengo la Sewahaji, kando ya Kibasila na Mwaisela. Kule Unguja mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Pale ufukweni kuna jengo zuri lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, ambalo Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 liwe hospitali, likamalizika mwaka 1894 naye amekwisha fariki. Kwa miaka mingi lilikuwa zahanati ya watu wa Mji Mkongwe. Baadaye likaachwa, likaanza kubomoka, mpaka katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan lilipolikarabati na kulifanya kituo cha utamaduni. Limepona, na linapendeza macho. Dawa haitolewi tena pale.

Basi utaona kwamba njia ni nyingi. Eneo la zamani laweza kupata huduma nyingine ya afya, laweza kuwa kitu kingine chenye manufaa, na laweza pia kupotea kabisa mikononi mwa umma. Huko Kenya tume iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, Tume ya Ndung'u, ilitoa taarifa yake mwaka 2004, na ndani yake viwanja vya umma vya kila aina vilionekana vimegawiwa watu binafsi. Viwanja vya namna hiyo huibwa kwa urahisi zaidi pale ambapo hakuna jirani anayejua mpaka wake uko wapi.

Pembezoni mwa Jiji

Katika Kinondoni na Temeke jambo hili linatugusa kwa karibu. Mwaka 1990, kwa msaada wa Serikali ya Uswisi, ulianza mradi wa afya wa jiji la Dar es Salaam. Zahanati na vituo vya afya vilivyokuwa vimechakaa vilitengenezwa, na hospitali za Amana, Mwananyamala na Temeke zikapata nguvu mpya. Katika miaka hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1993, wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za Serikali. Watu wakauliza, na walikuwa na haki kuuliza: kama tunachangia, mbona hatusemi kitu? Hapo ndipo zilipoanza kuundwa bodi za afya ambamo wananchi wa kawaida wana viti. Mwaka 2001 ikaja Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na bodi ya huduma za afya ya halmashauri pamoja na kamati ya kila kituo na zahanati zikawa jambo la kawaida nchi nzima. Ziko hata leo. Wangapi kati yetu tunaweza kumtaja mjumbe mmoja tu wa kamati ya zahanati yetu?

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 zile hospitali tatu zilipandishwa kuwa hospitali za rufaa za mkoa. Ni habari njema, ila ilileta kazi mpya, kwa sababu manispaa ilibaki bila hospitali yake ya wilaya na ikabidi itafute mahali pengine. Temeke imeitegemea Mbagala Rangi Tatu. Kinondoni imejenga Mabwepande, kule ambako walipelekwa watu waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011. Mtu wa Bunju anashukuru. Mtu wa Tandale akipiga hesabu ya nauli na foleni anakuna kichwa. Halafu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Amana ilitengwa kwa wagonjwa hao, na wagonjwa wengine wakaambiwa waende hospitali nyingine. Wakati wa dharura hakuna anayeitisha mkutano, na hatumlaumu mtu. Lakini uamuzi wa kuvunja jengo la zamani, kuhamisha wodi ya wazazi au kukodisha sehemu ya kiwanja si dharura. Una muda wake, na katika muda huo ndipo majirani wanapotakiwa kusikika.

Yaliyofukiwa

Hapa tuombe uvumilivu wenu, maana ndiyo sababu hasa ya kuleta habari hii kwenye ukurasa wa afya. Eneo lililokuwa hospitali haliwi kama kiwanja kingine. Chini yake kuna vitu.

Kila mahali walipozalishwa akina mama kwa miaka mingi pana shimo la kondo la nyuma. Kila mahali palipochomwa sindano pana shimo la majivu au jalala la zamani, na si ajabu kukuta sindano na vipande vya chupa vilivyofukiwa kabla ya matanuri ya kuchomea taka hayajawa ya kawaida. Mashimo ya vyoo na ya maji machafu huzibwa kwa mfuniko mwembamba wa zege. Nyasi huota juu, na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka yako wapi ila mlinzi mzee au muuguzi aliyestaafu. Mtu wa namna hiyo ana thamani kuliko ramani. Kama yupo katika mtaa wenu, apelekwe akaonyeshe kabla tingatinga halijaingia.

Juu ya ardhi napo pana mambo. Majengo mengi ya zamani yaliezekwa kwa asbesto, yale mabati ya kijivu kama saruji. Yakiwa mazima yametulia kwenye paa madhara yake ni madogo, lakini yakivunjwa kwa nyundo hutoa vumbi lenye nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo hukaa mapafuni, na ugonjwa wake, pamoja na saratani, huweza kujitokeza baada ya miaka ishirini, thelathini au hata zaidi. Kijana anayelipwa posho ya siku kubomoa paa leo atakohoa akiwa babu, wala hatakumbuka kisa chake. Mabati hayo hulowanishwa kwa maji, hushushwa mazima, hufungwa na kuzikwa mahali palipotengwa. Hayafai kuezekea banda la kuku, wala kusagwa kuwa kifusi cha kuzibia mashimo barabarani. Kuna na rangi za zamani zenye madini ya risasi, ambazo mtoto akila magamba yake huathirika ubongo. Kuna na zebaki iliyomwagika kutoka katika vipimajoto vilivyovunjika miaka nenda miaka rudi, ikajificha kwenye nyufa za sakafu. Kwa mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mataifa yalikubaliana kuacha kutengeneza vipimajoto vya zebaki, lakini ile iliyokwisha kumwagika haijaenda popote.

Watu wengi huogopa chumba cha picha za eksirei kuliko kitu kingine chochote. Kwa kweli hofu hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Mashine ya kawaida ya eksirei ikizimwa haina mionzi, na kuta za chumba hazibaki na mionzi. Ya kuogopwa ni mashine za kutibia saratani zenye chembe ya madini ya mionzi ndani yake, kwa kuwa madini hayo hayazimwi.

Mwaka 1987 katika mji wa Goiânia, nchini Brazil, yalitokea maafa ambayo kila mtu anayeishi karibu na hospitali iliyohamishwa angefaa kuyajua. Zahanati moja ya mionzi ilikuwa imehamia jengo jipya, ikaacha mashine ya zamani katika lile gofu. Vijana wawili wakaingia kutafuta vyuma chakavu, wakakibeba kichwa cha mashine kwa toroli, wakakipasua na kukiuza kwa mnunuzi wa chuma. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu wakaupenda. Wakagawiana ndugu na majirani, wengine wakajipaka mwilini, na mtoto wa kike wa miaka sita akala chakula huku mikono yake ina unga ule. Yeye na watu wazima watatu walikufa katika muda wa wiki chache. Watu zaidi ya 112,000 walikusanywa uwanjani wapimwe, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, na nyumba kadhaa zikabomolewa na udongo wake kuzikwa. Mwenye zahanati alihama, mwenye jengo akaanza kubomoa, na mashine ile ikabaki katikati yao.

Nchini kwetu vyanzo vyote vya mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na zahanati za mitaani hazina mashine za aina hiyo. Lakini vijana wa vyuma chakavu tunao kila mtaa, na hakuna gofu wasilolifahamu. Chuma kizito kupita ukubwa wake, chenye alama ya mabawa matatu meusi katika rangi ya njano, kisiguswe wala kisinunuliwe. Watu wakae mbali, polisi waitwe.

Kabla ya ujenzi kuanza kuna pia hatari ya kila siku, nayo ni jengo kukaa tupu. Matangi yaliyoachwa wazi, mifereji iliyoziba na makopo hukusanya maji, na mbu wa dengi hapendi kitu kama maji safi yaliyotulia. Dar es Salaam iliugua dengi sana mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mtaa hauhitaji kibali cha mtu ili kudai matangi yafunikwe.

Mkutanoni

Sasa tuje kwenye kusikika. Njia ziko. Mkutano wa wakazi wa mtaa upo kisheria, diwani yupo, kamati ya kituo na bodi ya afya zipo. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka wadau washirikishwe katika kupanga eneo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, ambamo maoni ya majirani hukusanywa. Mara nyingi tangazo hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, likapigwa na jua mpaka wino ukafifia. Ni vizuri kila jumuiya ndogo ndogo iwe na mtu mmoja mwenye desturi ya kupita pale na kusoma.

Wakati wa kusema ni kabla michoro haijakamilika. Huko London, katika eneo la Mile End, hospitali ya St Clement's ilifungwa mwaka 2005. Majengo yake yalikuwa ya tangu mwaka 1849, yalianza kama makao ya maskini kabla hayajawa hospitali. Makanisa, misikiti na shule za maeneo yale, wakiwa pamoja katika umoja wao, walidai sehemu ya nyumba zitakazojengwa pale iwe mali ya dhamana ya jamii, na bei ipangwe kufuatana na kipato cha kawaida cha wakazi, si kufuatana na soko. Walihudhuria mikutano mwaka hadi mwaka. Familia za kwanza ziliingia mwaka 2017. Walipata nyumba 23 kati ya 252, na mtu aweza kusema ni chache mno kwa jasho lile. Sisi tunasema hivyo pia. Lakini anayeuza nyumba mojawapo kati ya hizo 23 hawezi kuiuza kwa bei ya soko, na hilo lisingekuwapo kama wangengoja mchoro ukamilike ndipo walalamike.

Tusidhani mambo hayo ni ya Uingereza tu. Hapa Kinondoni, watu wa Hanna Nassif, katika miaka ya 1990, walikaa katika kamati yao, wakachagua mifereji ipite wapi, wakaichimba na kuijenga wenyewe kwa malipo, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Kabla ya hapo mvua za masika ziliingiza maji ya vyoo hadi vitandani. Na waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, baadhi yao waliungana katika vikundi vya kuweka akiba, wakanunua ekari 30 kule Chamazi wajenge nyumba zao. Watu wa kipato kidogo wanaweza kusoma ramani vizuri kabisa wakipewa nafasi.

Tumehudhuria mikutano ya namna hii kadhaa, na tumegundua kwamba mazungumzo huvutwa upesi kwenye fremu. Ukuta wa hospitali ukitazama barabara, kila mtu anaona fremu za maduka. Fremu si dhambi. Kodi yake inaweza kununulia kituo glovu na dawa, ikiwa hesabu zinasomwa hadharani. Shida ni pale fremu zinapoziba lango la pili, upepo ukakosa kuingia wodini, na bajaji inayomleta mama usiku wa manane ikazunguka mtaa mzima kutafuta pa kuingilia. Akina mama ndio wanaojua mambo haya, na akina mama ndio wanaokaa nyuma ya mkutano wakinyamaza. Wao wanajua kwamba benchi la kliniki linapigwa na jua kuanzia saa nne asubuhi. Wanajua choo kiko mbali na wodi ya wazazi, na kwamba ndugu waliomleta mgonjwa hawana mahali pa kupashia uji. Wanajua pia kwamba njia ya kwenda chumba cha maiti inapita mbele ya dirisha la wanaosubiri kujifungua, jambo ambalo mhandisi, kwa kuwa hajawahi kulala pale, hatalifikiria hata siku moja. Na ule mwembe mkubwa uliopo katikati ya kiwanja, ambao kila mchoro mpya huanza kwa kuukata, ndicho chumba cha kusubiria kilicho baridi kuliko vyote.

Mengine ya kuuliza mkutanoni ni mafupi. Hati ya kiwanja iko kwa jina la nani, na mpaka wake umewekewa mawe? Mashimo ya zamani yameonyeshwa kwenye mchoro? Asbesto itazikwa wapi? Wakati wa ujenzi watoto watachanjwa wapi, na akina mama watajifungulia wapi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na muhtasari usomwe mkutano unaofuata.

Neno moja kwa wazazi wanaokaa jirani na jengo la hospitali lililoachwa. Watoto wataingia tu, hata ukiwakataza. Mtoto akichomwa na sindano ya zamani, osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Usilikamue, usilinyonye, wala usilipake mafuta ya taa au majivu. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na useme wazi ni sindano iliyookotwa wapi. Mganga ataangalia chanjo zake za pepopunda na homa ya ini, na akiona inafaa atampa dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya UKIMWI, ambazo ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita na humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Sindano yenyewe usiishike kwa mkono. Iokote kwa koleo, itie ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, uipeleke hapo hapo kituoni.